Juni, Luchelele

Sakitu ikishaunguza viazi kule Makete,
na maji ya ndoo kuota ngozi alfajiri,
magoti yangu huanza kunena Kikinga cha kale,
maneno ambayo mama hakuyatamka mbele ya watoto.
Ndipo namwachia jirani kuku na ufunguo,
siku mbili barabarani,
kulifuata jua lilikohamia.

Lipo hapa. Nyuma ya mawe ya Luchelele,
kwenye kiwanja cha Kabula Lugata,
anayeandika kodi yetu kwenye daftari la mahudhurio
na kuuza maji ya bomba ndoo mia mbili, ya ziwa mia.
"Ya ziwa msinywe. Mtakojoa damu mnisingizie mimi."
Wazee kumi na mmoja, magari sita,
hakuna hata moja la kupanda kilima cha Kapripoint.
Qamara wa Mbulu hulala ndani ya gari la mikate;
ubavuni bado pameandikwa LAINI KILA SIKU,
naye si laini hata siku moja.
Subilaga, mkunga, ana trela la kubebea ng'ombe
alilolipiga deki hadi likasahau.

Asubuhi tunaanikwa juu ya jiwe.
Mgongo, kisha goti, kisha mgongo.
Mijusi wenye vichwa vya waridi wanapiga pushapu mbele yetu,
wanatudharau.
Tunakijadili kikokotoo cha pensheni
kama watu wanavyomjadili mkwe mlevi:
kila mtu ana lake, hakuna wa kumfukuza.
Wanangu wanapiga simu: Mama, watu watasema tumekutupa.
Waseme.
Mimi hapa ninanuka dagaa na jua,
nimevaa kanga moja, mwezi wa Juni!

Basi lilikuwa la Zakayo Luvanda.
Aliliendesha chuoni miaka ishirini na sita,
wakalipiga mnada, akalinunua na spana zake.
Lilifika hapa, likakohoa, likagoma; akasema basi, ndiyo nyumbani.
Nusu ya mbele yake, nusu ya nyuma nilipanga mimi.
Katikati pazia la maua na viti sita vitupu.
Walisema pia kuhusu hilo.
Usiku alikuwa akigonga bomba la kiti mara mbili:
Mwalimu, umelala?
Nami nagonga mara moja.
Hayo ndiyo yote. Hayakuwa madogo.

Wiki jana tulikwenda mjini kwenye uhakiki,
kuionyesha serikali kwamba bado tunapumua.
Mashine ikaikataa alama ya dole gumba langu.
Mara ya pili. Ya tatu.
Miaka thelathini na saba ya chaki imelilamba.
Yule kijana wa dirishani, mpole, umri wa mjukuu,
akasema: Bibi, jipanguse paji la uso, kisha bonyeza tena.
Nikajipangusa. Palikuwa na jasho.
Huko kwetu, mwezi huu, ningelitoa wapi?
Taa ikawaka kijani.
Nikawa hai, kwa muhuri, hadi mwakani.

Kisha akaita: Luvanda, Zakayo.
Feni ikazunguka.
Subilaga akachungulia ndani ya pochi yake, hakutafuta kitu.
Akaita tena.
Qamara ndiye aliyejibu, sauti kavu:
"Yupo kwenye gari."

Leo mwezi haupo. Taa za wavua dagaa
zimejipanga ziwani kama mji usiotozwa kodi ya kiwanja.
Kabula amekuja na daftari lake.
Mwalimu, basi zima sasa ni lako, hamia mbele, mbele kuna upepo.
Nimemwambia kesho.
Nimemwambia hivyo tangu nifike.

Kofia yake imening'inia kwenye gia.
Juu ya kioo, herufi nyekundu zilizochubuka:
USIONGEE NA DEREVA GARI LIKIWA KWENYE MWENDO.
Nasogea kiti kimoja. Nakaa.
Nagonga bomba mara mbili.

Gari haliko kwenye mwendo, Zakayo.